Wain ya nyumbani imegoma kung'aa? Jinsi ya kutumia bentonaiti

Wain imeshamaliza kuchacha, haidromita (kile kipimo kinachoelea cha kujua sukari iliyobaki) inasoma namba ile ile kila ukipima, ladha iko poa kabisa, ila ukiimimina kwenye glasi unaona ukungu tu, kama maji yaliyooshewa mchele. Umesubiri wiki, umesubiri mwezi, chini kuna mashapo ya kutosha lakini juu bado hata mwanga wa tochi haupiti vizuri. Hapo ndo wengi wanaanza kutafuta ule udongo unaoitwa bentonaiti, na hawakosei kuutafuta, shida ni kwamba wanakimbilia kuumwaga ndani kabla hawajajua ukungu wenyewe umeletwa na nini, afu ikishindikana wanaulaumu udongo. Kiukweli kazi ya bentonaiti karibu yote iko kabla haijaingia kwenye wain, yaani kujua tatizo, kuilowesha na kuipimia dozi. Kuimimina ni jambo la dakika chache tu.

Tuanze na inavyofanya kazi, maana ukielewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Bentonaiti ni udongo uliotokana na majivu ya volkano yaliyokaa muda mrefu mno mpaka yakabadilika. Ukiuangalia kwa undani ni vipande vyembamba ajabu vilivyopangana tabaka juu ya tabaka, na maji yakiingia katikati ya hayo matabaka udongo unavimba na kufunguka, gramu moja tu inakuwa na eneo la uso la mita za mraba mia kadhaa. Hizo nyuso zina chaji hasi. Sasa protini zilizomo kwenye wain, kwa sababu wain ina asidi nyingi (pH yake huwa kati ya 3 na 4), zinakuwa na chaji chanya. Hasi na chanya zinavutana, protini inang'ang'ania kwenye udongo, vinakuwa mabonge, mabonge yanakuwa mazito, yanazama. Yakizama yanaburuta na hamira iliyokuwa inaelea na takataka nyingine ndogondogo. Ndo hivyo tu, hakuna uchawi. Watengeneza wain wa California walianza kuitumia miaka ya 1930, na mpaka leo viwanda vikubwa vya wain nyeupe bado vinaitegemea kwa kazi hii hii.

Kwa hiyo kumbuka: ni dawa ya protini. Sio dawa ya kila ukungu. Haiondoi pektini (ule utelezi wa matunda unaogandisha jemu), haiondoi wanga, haiondoi gesi, haiui bakteria na haizuii wain isiendelee kuchacha. Wain ya matunda yenye pektini nyingi unaweza kuimwagia udongo mpaka ugeuke tope na bado ikabaki na ukungu vile vile.

Ndo maana unapima kwanza. Haidromita ikiwa bado inashuka, wain haijamaliza kuchacha, subiri, usiguse kitu. Kama imetulia, chukua kidogo kwenye chupa ndogo, tikisa kwa nguvu afu fungua, ikitoa gesi kwa fujo basi ina kaboni dayoksaidi nyingi na hiyo peke yake inatosha kushikilia vumbi lisizame. Itoe kwanza kwa kukoroga taratibu mara kadhaa kwa siku.

Pektini unaipima kwa spiriti. Weka sehemu moja ya wain na sehemu tatu au nne za spiriti kwenye chupa ndogo ya kioo, tikisa, iache saa moja hivi. Ukiona nyuzinyuzi au mabonge ya utelezi kama jeli, tatizo lako ni pektini na unachohitaji ni enzaimu ya pektini (kimeng'enya kinachoivunja), sio udongo. (Hiyo sampuli mwaga, usije ukaionja, spiriti nyingi za dukani ni sumu.) Wanga unaupima kwa tone la iodini kwenye wain kidogo, ikigeuka bluu au nyeusi kuna wanga, hii hutokea sana kwa wain ya ndizi au nafaka, na yenyewe inataka enzaimu ya wanga. Hii sampuli nayo mwaga.

Kama yote hayo hayapo, nenda kwenye kipimo cha joto, na hiki ndo kipimo chenyewe cha protini. Jaza chupa mbili ndogo za wain ile ile, uchukue ile ya juu iliyotulia kadiri unavyoweza. Moja iache pembeni. Nyingine iweke ndani ya sufuria ya maji yenye joto la nyuzi 80 kwa saa mbili, usiijaze mpaka mdomoni na usiikaze kifuniko, isije ikapasuka. Ikishatoka iache ipoe kabisa, ikiwezekana ilale kwenye friji, afu ziweke sambamba uzimulike kwa tochi kwa nyuma kwenye chumba chenye giza. Ile iliyopashwa ikiwa imechafuka zaidi ya mwenzake, protini zipo na bentonaiti ndo jibu.

Na hapa kuna kitu watu wanakipita. Wain inaweza kung'aa vizuri leo na bado ikafeli hicho kipimo. Protini zinakuwa zimejificha, huzioni, lakini chupa ikikaa sehemu ya joto, kwenye buti la gari mchana mzima mathalani, zinaharibika umbo, zinashikana na ghafla ukungu unatokea ndani ya chupa uliyokwisha kuifunga. Haimdhuru mtu, ni muonekano tu, ila ukimpa mtu zawadi ya chupa ya namna hiyo atadhani imeoza. Wain nyeupe za zabibu ndo wahanga wakubwa, aina kama Sauvignon Blanc na za jamii ya Muscat zinajulikana kwa protini nyingi.

Wain nyekundu mara nyingi haihitaji kabisa. Tanini yake (ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu) yenyewe inashikana na protini na kuzama nazo. Ukiiwekea bentonaiti unaanza kuibiwa rangi, maana rangi nyekundu ya zabibu nayo ina chaji chanya na udongo hauchagui. Mimi kwa nyekundu ningesubiri tu, muda unafanya kazi bila malipo.

Kuhusu kununua: tafuta bentonaiti iliyoandikwa ni ya wain au ya chakula. Udongo huu huu unauzwa kwa kuchimbia visima vya mafuta, kwa kuzibia mabwawa, kwa choo cha paka, na kwa kujipaka usoni, na hizo hazijasafishwa kwa ajili ya kinywaji, zinaweza kuwa na mchanga, madini usiyoyataka na ladha ya ardhi. Bei rahisi isikudanganye. Utakutana na aina mbili, ya sodiamu na ya kalsiamu. Ya sodiamu inavimba sana na inashika protini nyingi kwa gramu chache, lakini mashapo yake ni laini na mepesi, yanatikisika kirahisi na kula nafasi. Ya kalsiamu inavimba kidogo, inataka dozi kubwa zaidi, ila mashapo yake yanakaa yameshikana kwa hiyo unapoteza wain kidogo. Kwa mtu wa nyumbani ningesema anza na ya sodiamu. Na wakati wa kupima unga wake usiupeperushe ukauvuta, vaa barakoa, vumbi la udongo sio rafiki wa mapafu.

Sasa kulowesha, na hapa naomba usiwe na haraka. Unga mkavu ukiingia moja kwa moja kwenye wain haufunguki, unafanya vidonge vidonge vyenye ukavu ndani, vinazama chini bila kufanya lolote, na umeshapoteza udongo na wain. Ni lazima uvimbe kwenye maji kwanza. Na ni maji, sio wain, kwa sababu udongo uliovimbia kwenye wain haufunguki sawasawa na nguvu yake inakuwa ndogo. Maji yenyewe yawe laini, yasiyo na klorini wala madini mengi, maana kalsiamu iliyomo kwenye maji magumu inayabana yale matabaka yasiachane.

Kipimo kizuri ni asilimia 5, yaani gramu 50 kwa lita moja ya mchanganyiko. Kwa kazi ndogo pima gramu 25, andaa maji ya moto kama mililita 450 yenye nyuzi 60 hivi (lebo ikisema maji ya baridi fuata lebo, kuna bidhaa zimetengenezwa hivyo), anza kukoroga maji yakiwa yanazunguka afu nyunyizia unga kidogo kidogo juu yake. Unga unaenda kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga, ukifanya hivyo utahangaika na mabonge mpaka kesho. Ukiwa na blenda itumie, inaokoa sana. Ukimaliza ongeza maji yafike mililita 500, funika, acha usiku kucha mpaka saa 24, ukipita unakoroga. Kesho yake uwe na kitu laini kinachoteleza bila punje hata moja. Kikibaki kiweke kwenye friji siku chache tu, kikianza kunuka au kuota kuvu mwaga.

Uzuri wa asilimia 5 ni hesabu yake, mililita 20 ina gramu moja ya udongo. Basi.

Dozi watu wanauliza sana na wanataka namba moja. Haipo. Kwa kawaida inaangukia kati ya gramu 0.25 na gramu 1 kwa lita, lakini zabibu, pH, joto na hata aina ya bentonaiti vyote vinabadilisha. Wain yenye pH ya juu inataka udongo mwingi zaidi kuliko yenye asidi kali. Kwa hiyo unafanya jaribio dogo kabla hujagusa dumu kubwa, na we mwenyewe utashangaa linavyokuokoa.

Chukua chupa tano za kioo zinazofanana, kila moja weka mililita 250 za wain. Ya kwanza usiweke kitu, hiyo ndo ya kulinganishia. Ya pili weka mililita 1.25 za ule mchanganyiko, ya tatu 2.5, ya nne 3.75, ya tano 5. Hapo umepata gramu 0.25, 0.5, 0.75 na 1 kwa lita. Tumia sirinji isiyo na sindano, na kila unapochota koroga mchanganyiko kwanza kwa sababu udongo unatuama, ukichota juu juu unapata maji matupu na namba zako zote zinakuwa uongo. Tikisa kila chupa vizuri, ziandike namba (usijidai utakumbuka), ziache siku moja au mbili.

Afu angalia. Usiishie kuangalia kwa macho, zinuse na uzionje hizo za juu zilizotakata, maana udongo mwingi unaondoka na harufu nzuri pia, na chupa ya tano inaweza kuwa imetakata kuliko zote lakini imepooza, haina tena harufu nzuri. Chukua zile zilizong'aa uzipitishe tena kwenye kipimo cha joto. Dozi unayoitaka ni ile ndogo kuliko zote iliyofaulu. Sio iliyong'aa zaidi, ndogo kuliko zote iliyofaulu, nairudia kwa sababu kishawishi cha kuongeza kidogo cha ziada huwa ni kikubwa. Ikiwa hata gramu 1 haijasaidia chochote, usiende kwenye gramu 3, rudi ukaangalie pektini na wanga, au ujiulize kama mchanganyiko wako ulivimba kweli.

Jambo jingine la kuwahi: kama una mpango wa kurekebisha asidi au kuchanganya wain mbili, fanya kabla ya jaribio. pH ikibadilika tabia ya protini nayo inabadilika, na wain mbili zilizo tulivu kila moja kivyake zinaweza kuchafuka zikikutana. Kuongeza utamu nako hivyo hivyo, asali au juisi inaleta protini mpya, ukiiweka baada ya kusafisha umerudi mwanzo. Sukari ya kawaida haina shida hiyo.

Twende kwenye dumu lenyewe. Tuseme una lita 20 na dozi yako ni gramu 0.5. Hiyo ni gramu 10, sawa na mililita 200 za mchanganyiko. Ni maji mililita 200 unayaongeza kwenye wain, asilimia moja, hayasikiki mdomoni, ila ndo sababu usitengeneze mchanganyiko mwepesi kupita kiasi ukaishia kunywesha wain maji. Wain iwe imeshahamishwa kutoka kwenye mashapo ya kwanza, haina gesi, na iwe na joto la kawaida la chumba, chini ya nyuzi 15 udongo unafanya kazi kwa uvivu. Acha nafasi kidogo juu ya dumu maana mara nyingi kuna gesi iliyobaki na itapanda povu.

Koroga wain mpaka ianze kuzunguka yenyewe, mwiko au fimbo ya kukorogea iwe chini, usipige juu juu ukaingiza hewa. Wakati inazunguka mimina mchanganyiko kwa mkondo mwembamba na uendelee kukoroga dakika kadhaa baada ya kumaliza. Protini na udongo vinashikana ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo udongo ukianguka wote sehemu moja, wain ya karibu inapata dozi mara tano na ya mbali haipati kitu. Wengine wanarudia kukoroga baada ya saa chache na sioni ubaya. Kisha jaza nafasi iliyobaki, weka kifuniko cha kutoa gesi, ondoka.

Ndani ya siku utaona vipande vipande vinashuka kama theluji, halafu tabaka la juu linatakata na mpaka unashuka pole pole. Usilitikise dumu kuangalia! Siku 5 mpaka 10 zinatosha kwa nyingi, nyingine wiki mbili. Mashapo yakielea juu badala ya kuzama ni gesi, gonga dumu taratibu kwa mkono au koroga kidogo uiachie itoke, yatashuka.

Kuhamisha ndo sehemu inayouma, kwa sababu mashapo ya bentonaiti yanachukua wain ya kutosha, unaweza kuacha asilimia 5 au hata 10 humo ndani. Siku moja kabla liinamishe dumu kwa kuwekea kibao chini ya upande mmoja ili mashapo yajikusanye kona moja, mdomo wa mpira wa kunyonyea uwe juu yake sio ndani yake, na ukiona tope limeanza kuingia simamisha hapo hapo. Kilichobaki kimimine kwenye chupa ndefu nyembamba, kiweke kwenye friji siku mbili tatu, utapata wain nyingine safi juu. Kama unatumia salfaiti (kihifadhi cha wain), muda wake ni huu wa kuhamisha. Usikimbilie kujaza chupa siku hiyo hiyo, ipe wiki mbili tatu, kuna udongo mwembamba sana ambao unachelewa kutua na ukiufunga ndani ya chupa utaukuta chini. Wenye kichujio nao wasubiri, udongo unaziba karatasi za kuchujia haraka mno.

Ikitokea udongo wenyewe umegoma kushuka, tiba ni kitu chenye chaji chanya, jelatini kidogo sana au kitosani, kinawekwa siku inayofuata. Jelatini iwe kidogo kweli, maana nayo ni protini na ukizidisha umeleta tatizo lile lile ulilokuwa unalitoa. Pia jelatini inatokana na wanyama na kitosani nyingi inatokana na magamba ya kamba na kaa, kwa hiyo kama wanywaji wako wana mzio au hawali vitu vya wanyama waambie. Bentonaiti peke yake haina shida hiyo, ni moja ya sababu naipenda kuliko ute wa yai au maziwa.

Kuna wanaoiweka mwanzoni kabisa, kabla ya hamira, na vifurushi vingi vya kutengenezea wain nyumbani vinaelekeza hivyo. Ina faida yake, mapovu ya kuchacha yanaizungusha yenyewe na inazama pamoja na mashapo ya hamira kwa hiyo hupotezi wain mara mbili. Ubaya wake unabahatisha dozi, na udongo unachukua pia sehemu ya chakula cha hamira, kwa hiyo ongeza virutubisho. Na kama unatumia enzaimu ya pektini ianze enzaimu, iachie saa 12 mpaka 24 imalize kazi ndo udongo ufuate. Enzaimu ni protini, ukiziweka pamoja udongo unaimeza enzaimu yako na umelipa hela bure.

Vyombo vioshe hapo hapo, mpira hasa, bentonaiti ikikaukia ndani yake haitoki. Na yale mashapo usiyamwage kwenye sinki, udongo huu huu unaotumika kuzibia mabwawa utaziba bomba lako bila huruma, kamwage bustanini.